Kompyuta Yaketi Mahali pa Gramafoni

Katika nyumba nyingi kompyuta iliingia kwa ajili ya masomo ya watoto na barua za kazi. Iliwekwa juu ya meza ya pembeni na kufunikwa kitambaa cha kufumwa, kama ilivyofunikwa redio ya babu hapo zamani. Kisha jioni moja mtu akaiunganisha na spika, akapiga wimbo, na tangu siku hiyo mambo hayakurudi yalivyokuwa. Gramafoni imehamishiwa stoo, redio kaseti imekatika mikanda ya ndani, na muziki wa nyumbani sasa hutoka katika kompyuta.

Hapo ndipo maswali huanza. Wauzaji wa muziki na wa vyombo vya muziki wana namba kubwa midomoni mwao: biti 24, elfu 96, elfu 192. Muziki wenye namba hizo huitwa wa ubora wa juu, na bei hupanda pamoja na namba. Mwenye nyumba, ambaye mshahara wake una kazi nyingine nyingi za kufanya, ana haki ya kujua namba hizo zitamletea nini masikioni kabla hajatoa fedha mfukoni.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka, na kompyuta huupima umeme huo mara nyingi sana katika kila sekunde, ikiandika kila kipimo kwa namba. Mambo mawili basi ndiyo hutangazwa. La kwanza ni idadi ya vipimo kwa sekunde. La pili ni usahihi wa kila kipimo, nao huhesabiwa kwa biti. Diski za CD, ambazo kampuni za Sony na Philips zilikubaliana juu ya umbo lake na ambazo zilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba mwaka 1982, huchukua vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 za kupanda na kushuka. Namba 44,100 yaonekana ya ajabu, lakini ina asili yake: siku hizo namba za sauti zilihifadhiwa katika kanda za video, na vipimo 3 katika kila mstari wa picha, kwa mistari 245, mara 60 kwa sekunde, huleta 44,100 kamili. Muziki unaoitwa wa ubora wa juu ni ule uliopita kipimo hicho cha CD.

Wengi hudhani kwamba kati ya kipimo na kipimo pana pengo ambamo muziki hupotea, na kwamba kuongeza vipimo ni kuziba mapengo. Picha hiyo si sahihi. Mwanafunzi wa hesabu anajua kwamba alama tatu zisizokaa katika mstari mmoja zatosha kuchora duara moja tu. Hakuna duara la pili linaloweza kupita katika alama zote tatu. Hakuna anayelalamika kwamba duara limepotea kati ya alama. Ndivyo ilivyo kwa sauti. Kazi za wataalamu Harry Nyquist, mwaka 1928, na Claude Shannon, mwaka 1949, zilionyesha kwamba mtikisiko wowote usiozidi nusu ya idadi ya vipimo hurudishwa wote, pamoja na kila kilichomo kati ya kipimo na kipimo. Nusu ya 44,100 ni 22,050. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitikisiko kuanzia 20 hadi kama 20,000 kwa sekunde, na sikio la mtu mzima huanza kupoteza zile za juu miaka mingi kabla mwenyewe hajakiri.

Kuhusu biti, kila moja huongeza kama desibeli 6 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Biti 16 hutoa desibeli 96, na biti 24 hutoa, katika hesabu, 144. Chumba kilichotulia usiku chenyewe kina uvumi wa desibeli 30 hivi, kabla mbwa wa jirani hajabweka. Mvua ikipiga mabati, hata biti 8 zingetosha.

Jambo hili halikuachwa kwa hesabu peke yake. Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, Brad Meyer na David Moran, walitoa matokeo ya majaribio ambamo watu walisikilizishwa muziki wa ubora wa juu, na muziki huohuo baada ya kupitishwa katika kifaa kilichoubana hadi kipimo cha CD, bila kujua upi ni upi. Katika majaribio 554 walijibu sawasawa mara 276. Mtu anayerusha sarafu hewani angepata hayo. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya matokeo ya majaribio 18 ya namna hiyo, akaona kwamba tofauti ipo lakini ni ndogo sana: majibu sahihi yalizidi nusu kwa kiasi kidogo, na yalizidi zaidi kwa wasikilizaji waliofundishwa mapema nini cha kusikiliza. Basi asiyesikia tofauti asijione kiziwi, na anayesema tofauti ni kama usiku na mchana aombwe kwa upole afumbe macho na kujaribiwa.

Pamoja na hayo, si haki kusema biashara yote hii ni ulaghai. Mara nyingine toleo la ubora wa juu husikika vizuri kweli, ila sababu yake si namba. Fundi wa studio alirudi katika kanda ya kwanza, akaisafisha kwa uangalifu, na hakuibana sauti ili wimbo wote upige kelele sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, kama ilivyokuwa desturi katika diski nyingi za miaka ya 1990 na kuendelea. Fundi huyo akitoa kazi yake hiyohiyo kwa kipimo cha CD, uzuri utabaki. Mnunuzi hulipia jasho la fundi akidhani analipia namba.

Kinachodhuru muziki kwa namna inayosikika ni jambo jingine, nalo ni kubanwa kwa kutupa. Faili za MP3 hupunguzwa ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio linatazamiwa kutozikosa. Muziki wa CD huenda kwa kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 320 ni vigumu kuitofautisha nayo, ile ya 128 mara nyingi hufichuka katika makofi ya hadhira na katika matoazi, na zile ndogo zaidi zinazopitishwa kutoka simu hadi simu husikika kama muziki uliowekwa chini ya maji. Ziko pia faili za FLAC, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Hizo hukunja namba bila kutupa hata moja, mithili ya shati linalokunjwa sandukuni na kukunjuliwa likiwa zima, na aghalabu hubaki kama nusu au zaidi kidogo ya ukubwa wa awali. Kwa kusikiliza nyumbani, FLAC ya kipimo cha CD ni chaguo ambalo halitamwaibisha mtu.

Tahadhari hapa ni kwamba MP3 iliyogeuzwa kuwa FLAC, au faili ya CD iliyoandikwa upya kwa namba za 192,000, hairudishiwi kilichotupwa wala haipewi ambacho haikuwa nacho. Shati lililokatwa mikono haliwi la mikono mirefu kwa kulazwa katika sanduku kubwa. Wapenzi wa dansi ya Kongo yafaa walikumbuke jambo hili wanapouziwa nyimbo za miaka ya 1950. Kampuni kama Ngoma ya Léopoldville, iliyoanza mwaka 1948, ilitoa nyimbo zake katika santuri za mizunguko 78 kwa dakika, na kilichomo katika santuri hizo ni kile tu kilichonaswa na maikrofoni ya siku ile. Gitaa ni tamu vilevile. Lakini utamu huo umo katika nakala safi, iliyopigwa kwa sindano nzima kutoka katika santuri isiyochubuka.

Iko pia hesabu ya nafasi na ya fedha za intaneti. Saa moja ya muziki wa CD, kabla ya kukunjwa, ni kama megabaiti 635. Saa hiyohiyo kwa biti 24 na vipimo 192,000 ni megabaiti 4,147. Nyumba inayonunua intaneti kwa vifurushi itaona tofauti hiyo siku ya kwanza, hata kama masikio hayataiona mwaka mzima.

Fedha basi ziende wapi? Kwanza ziende kwa spika, au kwa hedifoni za kuvaa masikioni kama nyumba ni ndogo na watu ni wengi. Hapo ndipo umeme hugeuka kuwa hewa inayotikisika, na hapo ndipo vyombo hutofautiana kwa kiasi ambacho hata mtoto hukisikia. Spika nzuri zilizotumika, zikiwa hazijapasuka karatasi za ndani, ni afadhali kuliko mpya zenye taa za rangi. Ziwekwe mbali kidogo na ukuta, ziwe katika kimo cha masikio ya aliyeketi, na ziachane kwa umbali unaokaribia ule ulio kati yao na kiti. Spika iliyosukumwa pembeni mwa chumba huvimbisha sauti nzito hata besi likameza maneno ya mwimbaji. Chumba chenye sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha mwangwi. Mkeka au zulia, pazia zito na kabati la vitabu vitafanya kazi ambayo hakuna mashine ya dukani itakayoifanya kwa bei hiyo.

Baada ya spika ndipo kifikiriwe kile kifaa kidogo kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, ambacho kazi yake ni kugeuza namba kuwa umeme wa sauti. Wauzaji hukiita DAC. Kila kompyuta inacho kimoja ndani yake tayari, na aghalabu kinatosha. Dalili kwamba cha nje chahitajika ni mvumo au mikwaruzo inayosikika wimbo usipopigwa, hasa ile inayobadilika panya ya kompyuta inaposogezwa. Lakini kabla ya kwenda dukani, mwenye kompyuta ndogo ya kubebeka aichomoe kwenye chaja, aiache ifanye kazi kwa betri. Mvumo ukikoma papo hapo, kosa lilikuwa katika njia ya umeme kati ya chaja na kikuza sauti, na mara nyingi kuchomeka vyote viwili katika soketi moja yenye waya wa ardhi hulitibu bila gharama.

Programu ya kupigia muziki isimsumbue mtu. VLC ni ya bure na hupiga karibu kila aina ya faili. Foobar2000 ni ya bure pia, nayo hupanga vizuri mkusanyo mkubwa. Jambo moja la kuangalia ni mipangilio ya sauti ya kompyuta yenyewe. Kompyuta huchanganya sauti zote zake katika kipimo kimoja, na pengine imewekwa kupiga 48,000 wakati faili zote za nyumbani ni za 44,100, au imewashiwa viongeza utamu ambavyo hakuna aliyeviomba. Kipimo kifananishwe na cha faili zilizo nyingi, na viongeza utamu vizimwe. Ni kazi ya dakika tano.

Mpaka hapa yaweza kuonekana kwamba namba kubwa hazina kazi nyumbani. Zinayo, tena muhimu, ila si pale zinapotangazwa. Kazi yake ni wakati wa kurekodi. Na nyumba nyingi zina kitu cha kurekodi ambacho hakingoji.

Kaseti zilianzishwa na Philips mwaka 1963, na katika sehemu hii ya Afrika zilikuwa kwa miaka mingi daftari la sauti la kila nyumba. Harusi zilirekodiwa humo, na hotuba za mazishi, na kwaya ya kanisa, na kaswida za maulidi, na barua za sauti za mtoto aliyekwenda kusoma ng'ambo, na bibi akisimulia ukoo. Kanda hizo sasa zimo katika maboksi ya viatu juu ya kabati. Joto na unyevu huzila taratibu, ukungu mweupe huota juu ya utepe, kile kitambaa kidogo kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha mashine hubanduka gundi, na mashine zenyewe za kuzipigia zinaadimika pamoja na mafundi wake. Wimbo uliouzwa madukani utapatikana kwa mwingine. Sauti ya bibi iko katika utepe mmoja tu.

Kazi ya kuihamisha yahitaji redio kaseti inayokwenda mwendo sawa, waya kutoka tundu lake la sauti, na njia ya kuingilia katika kompyuta. Kompyuta ndogo nyingi zina tundu la maikrofoni tu, ambalo ni dhaifu na huharibu sauti ya aina hii. Kiboksi cha USB chenye tundu la kuingizia sauti ya stirio ni ununuzi wa lazima hapa. Programu ya Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, ni ya bure na yatosha.

Kabla ya yote, vile vipembe viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti vivunjwe, ili mkono uliokosea usirekodi juu yake. Kichwa cha mashine na gurudumu la mpira visafishwe. Kichwa kifutwe kwa pamba iliyochovywa katika spiriti safi, isiyo ya manukato. Uchafu wa kahawia utakaoonekana katika pamba ndio uliokuwa ukizima sauti nyembamba. Utepe upelekwe mpaka mwisho na kurudishwa mwanzo mara moja ili ulegee, na kama unagoma usilazimishwe: kaseti zilizofungwa kwa skrubu hufunguka, na utepe waweza kuhamishiwa katika ganda jipya. Zile za dakika 120 zina utepe mwembamba mno, ziguswe kwa subira zaidi. Kaseti yenye ukungu isitiwe katika mashine kabla ya kusafishwa, maana ukungu utahamia katika kanda zitakazofuata.

Sauti ikisikika kana kwamba imefunikwa blanketi ijapokuwa kichwa ni safi, huenda pembe ya kichwa cha mashine hii si ile ya mashine iliyorekodi. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo. Ikizungushwa kidogo sana wakati kanda inapigwa, pana mahali ambapo sauti hufunguka ghafla. Hapo ndipo iachwe. Hakuna programu ya kompyuta itakayorudisha baadaye kile ambacho pembe mbaya iliacha katika utepe, na dakika tatu zinazotumika hapo huzidi faida ya vifaa vya bei kubwa.

Sasa namba. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, katika mwongozo wake kwa wahifadhi, chataka kanda za zamani zihamishwe kwa kipimo kisichopungua biti 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde. Nyumba yaweza kukifuata kipimo hicho bila wasiwasi: saa moja ya stirio huchukua gigabaiti 1 na kidogo. Biti 24 hapa si za kujipamba. Anayerekodi hajui ni lini mzee katika kanda atacheka kwa nguvu au ni lini ngoma itapigwa karibu na maikrofoni. Sauti ikizidi kipimo cha juu cha kompyuta, hukatwa kichwa, na kilichokatwa hakirudi. Kwa biti 24 mtu aweza kuweka sauti chini, kilele chake kikicheza karibu na desibeli 12 chini ya mwisho, na bado pakabaki usahihi tele wa kuipandisha baadaye bila kupandisha mchakato wa namba. Kwa biti 16 nafasi hiyo ya kukosea ni finyu.

Nakala ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyotoka, pamoja na mvumo wa utepe na mikwaruzo yake. Vijana hupenda kusafisha mara moja, na programu za kuondoa mvumo, zikizidishwa, hula pumzi ya msemaji pamoja na mvumo. Usafi ufanywe katika nakala ya pili, na hiyo ndiyo igeuzwe kuwa MP3 na kutumiwa ndugu katika simu zao. Nakala ya kwanza iwekwe katika FLAC, mahali patatu: katika kompyuta, katika diski ya nje, na katika diski nyingine inayokaa nyumba ya ndugu mwingine, kwa kuwa mwizi na moto havichukui kompyuta na kuacha diski iliyo kando yake. Kaseti yenyewe isitupwe.

Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuhamishwa. Hapana njia ya mkato. Muda huo una matumizi yake. Mzee mmoja wa nyumba aombwe aketi karibu wakati kanda inapigwa, na kijana mwenye daftari aandike dakika na jina: huyu anayekohoa ni nani, wimbo huu uliimbwa arusi ya nani, mto huu unaotajwa uko wapi. Faili ipewe jina lenye mwaka, mahali na watu, si namba tupu. Kanda ambazo wazee wanaozitambua sauti zake wamebaki wawili au mmoja zitangulie, na zile za bendi zingoje zamu yake.